Kompyuta Moja, Watu Wengi: Ni Nani Angojaye Zamu?



Zimo nyumba katika Ujiji, Mwanga, Gungu na Kibirizi ambamo kompyuta moja ya nyumbani, tena kuukuu, yafanya kazi mbili. Jioni ni chombo cha kuandikia na kusomea. Usiku ni televisheni. Kioo chake ni kinene nyuma kama mtungi, na sanduku lake hunguruma kwa feni iliyojaa vumbi. Imefika Kigoma kwa mkono wa pili au wa tatu, ikanunuliwa kwa fedha iliyowekwa kidogo kidogo, na mara nyingi hununuliwa kwa neno moja: "Ni kwa ajili ya masomo ya watoto." Kisha siku hupita, huja fundi na kadi ndogo na waya tatu, na tangu siku hiyo majirani hukusanyika kutazama mpira.

Neno hili limeleta mashauri katika nyumba nyingi, na wazee wa usharika na walimu huulizwa: Je, yafaa? Wako wajibuo upesi, "Haifai, picha zile huharibu watoto." Wako wengine wajibuo upesi vile vile, "Yafaa, kwani dunia yote hutazama." Sisi twapenda kulifikiri polepole, maana twaona ya kwamba pande zote mbili zaanza mahali pasipo mwanzo. Wao huuliza kama picha ni njema au mbaya. Sisi twasema liko swali litangulialo: picha zile zinapoonekana, ni nani angojaye?

CHOMBO CHENYEWE

Mtu hawezi kuhukumu chombo asichokijua, basi tueleze kwanza kazi yake.

Televisheni si jambo jipya duniani. Shirika la BBC lilianza kutangaza televisheni kwa ratiba mjini London tarehe 2 Novemba 1936. Tangu zamani zile kazi yake ni hiyo hiyo: kuitwaa picha ya mahali pengine, kuigawanya mistari mistari, kuipeleka kwa mawimbi, na kuiunganisha tena mbele ya mtazamaji upesi hata jicho lisitambue maunganisho. Kompyuta kwa asili yake haikuwa na kazi hii; yenyewe huhesabu. Lakini picha ikigeuzwa kuwa hesabu, kompyuta yaweza kuipokea. Ndiyo kazi ya ile kadi ya televisheni ichomekwayo ndani ya sanduku. Kwa mfumo uliotumika katika nchi yetu, picha moja ikigeuzwa hivyo huwa na mistari 576, na kila mstari una nukta 720, jumla nukta 414,720. Na katika sekunde moja hupita picha 25. Maana yake, nukta 10,368,000 hupita katika kila sekunde. Si ajabu basi kompyuta kuukuu ikilemewa.

Tena liko jambo jingine. Kadi nyingi za zamani ziliundwa kusikia mawimbi ya analojia tu. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha miji mingine ikafuata kwa zamu, na kadi zile zikawa kama masikio ya kiziwi. Hapo mafundi wetu walitumia akili. Walichukua king'amuzi, wakakiunga na kadi: waya wa manjano wapeleka picha, mwekundu na mweupe wapeleka sauti. King'amuzi chafanya kazi nzito ya kuyafumbua mawimbi mapya, na kompyuta yabakiwa na kazi ya kuonyesha tu, kama mzee aliyetuliwa mzigo akaachiwa fimbo. Twawasifu mafundi hawa, kwani kukifufua kilichotupwa na wengine si kazi ndogo.

Walakini uko mpaka wasioweza kuuvuka. Mwaka wa 1993 kampuni ya Apple ya Marekani iliuza kompyuta iliyoitwa Macintosh TV. Kioo chake kiliweza kuonyesha kazi ya kompyuta, tena kiliweza kuonyesha televisheni, lakini si yote mawili pamoja. Mtumiaji alipaswa kuchagua. Baadaye zilipatikana kompyuta na kadi ziwezazo kuweka televisheni katika dirisha dogo pembeni, mtu akaandika huku akitazama. Lakini kompyuta kuukuu za kwetu, zikitwikwa kazi zote mbili, hulegea: picha hukwama, na herufi huchelewa kutokea. Kwa hiyo zimerudi katika sharti lile lile la kuchagua. Na katika nyumba yenye watu saba na chombo kimoja, kuchagua kazi ni kuchagua mtu.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuweke mfano mbele yetu, tusiseme hewani. Tuseme iko nyumba Kibirizi. Baba ni mvuvi wa dagaa. Mama huanika dagaa na kuwauza. Binti yao mkubwa yuko kidato cha nne, na mtihani wake kwa kawaida hufanywa mwezi wa Novemba. Vitabu vyake ni vichache, lakini katika kompyuta yamo masomo na maswali ya mitihani ya miaka iliyopita, aliyonakiliwa na mwalimu wake. Usiku waja, majirani wabisha hodi, viti vyapangwa.

Baba asema, "Mwanangu, nimekesha ziwani majuma mawili. Usiku huu mmoja niache nikae na wenzangu. Utasoma kesho."

Binti ajibu, "Ndiyo, Baba." Wala haongezi neno, kwa kuwa adabu yamzuia. Huondoka akaenda jikoni kuosha vyombo.

Wageni wakiisha kwenda, mama asema kwa sauti ndogo, "Baba watoto, kesho uliyomwambia jana ndiyo hii leo."

Angalieni, ndugu, katika nyumba hii hapana mtu mwovu. Baba hanywi pombe wala hapigi mtu. Kazi yake ni ngumu na ya hatari. Usiku kucha yu juu ya maji, na pepo za Ziwa Tanganyika zajulikana. Kutaka kupumzika na wenzake ni haki yake. Majirani nao hawakuja kuiba. Wamekuja kwa sababu mlango uko wazi, na katika miji yetu ya Ujiji na Kigoma mlango ulio wazi ni heshima ya mwenye nyumba. Binti naye ni mtiifu. Hata hivyo katikati ya watu hawa wema lipo jambo lisilo sawa, na twataka kulijua ni lipi hasa.

MAJIBU MATATU YASIYOTOSHA

Jibu la kwanza husema: "Kompyuta ilinunuliwa kwa masomo, isitumiwe kwa jambo lingine lolote." Jibu hili lina nguvu, lakini halitoshi. Hapa kwetu tunao mfano ulio mkubwa kuliko kompyuta zote. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg katika Ujerumani mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa hata Kigoma ikaunganishwa tena, na jina lake la kwanza lilikuwa Goetzen. Vita ilipokuja iliwekwa mizinga. Mwaka wa 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui. Mwaka wa 1924 Waingereza waliinua kutoka majini, na tangu 1927, kwa jina la Liemba, ilichukua abiria na mizigo miaka mingi, ikishuka kusini hata Mpulungu. Mwaka wa 1997 ilirudisha makwao wakimbizi wengi wa Kongo. Kama chombo kingefungwa katika neno la kwanza la waliokiunda, meli ile isingemchukua hata mwanamke mmoja na mzigo wake wa dagaa. Basi kugeuza kazi ya chombo si dhambi. Yatupasa kuuliza kimegeuzwa kwa faida ya nani, na kwa gharama ya nani.

Jibu la pili husema: "Watazamaji ni kumi, msomaji ni mmoja. Wengi na wapewe." Hii ni hesabu ya watu wazima, nayo yaonekana ya haki. Lakini tuipime. Mmoja katika wale kumi akikosa mpira usiku huu, amekosa usiku mmoja. Kesho atasimuliwa mabao yote kabla ya chai. Binti akikosa usiku thelathini, amekosa mtihani, na mtihani haumsimulii mtu asubuhi. Tena akiwa peke yake daima mbele ya kumi, hatashinda hata siku moja. Kanuni imfanyayo mtu yule yule ashindwe kila siku haipimi tena neno lolote. Huhesabu vichwa tu.

Jibu la tatu husema: "Televisheni ni upuuzi, iondolewe kabisa, na shauri limekwisha." Sisi hatukubali. Tukumbuke jambo la Gombe, msitu ulio kaskazini ya Kigoma katika mwambao wetu huu. Bibi Jane Goodall, aliyefariki mwaka wa 2025, alifika Gombe mwezi wa Julai 1960 kuchunguza sokwe. Mwezi wa Desemba 1965 filamu ya kazi yake ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani, na watu wengi wa kule walijifunza ya kwamba sokwe hutengeneza vijiti vya kuvulia mchwa, jambo lililodhaniwa kuwa la wanadamu tu. Kwa picha zile wanyama wa milima yetu walijulikana na kuhurumiwa duniani. Chombo kiwezacho kufanya hayo si upuuzi. Hata mpira wa miguu si upuuzi mtupu. Wanaume waliokesha peke yao juu ya maji wakicheka pamoja katika baraza moja, Mha na Mmanyema na Mbembe, Mwislamu na Mkristo, wafanya jambo jema. Yafaa tuliseme hili waziwazi, maana mtu amkatazaye mwenzake furaha yake kwa kuitukana kwanza hasikilizwi.

HABARI YA KUNGOJA

Lakini iko sehemu ya pili ya jambo la Gombe. Mwaka ule wa 1965, wakati mtu wa New York alipoutazama mwambao wetu, mtu wa Ujiji asingeweza kuutazama mji wa New York, wala hata sokwe wale wale wa jirani yake, kwa kuwa Tanzania bara haikuwa na televisheni. Sisi tulitazamwa kwanza, nasi tukangoja.

Tulingoja muda mrefu. Mwaka wa 1974 serikali ilizuia kuingizwa nchini kompyuta na televisheni, zote mbili katika amri moja. Vitu viwili vinavyogombewa leo ndani ya sanduku moja kuukuu vilikatazwa pamoja siku ile. Sababu zilikuwapo. Kompyuta iliyotumiwa katika kazi za hesabu za serikali ilikuwa imeleta gharama na matata. Na televisheni ilihesabiwa kuwa anasa ya wachache wa mjini, hali vijiji vingi havina maji wala zahanati. Unguja ilikwisha kuwa na televisheni yake, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970; bara vituo vya kwanza vilianza mwaka wa 1994.

Je, kungoja kule kulikuwa kwa haki? Twaona kulikuwa na haki upande mmoja na upungufu upande mwingine. Haki yake ni kwamba tajiri wa Dar es Salaam na maskini wa Kigoma, ijapokuwa hawakuwa sawa katika mengine, wote wawili hawakuwa na kituo cha bara cha kutazama. Upungufu wake ni kwamba hapana aliyeambiwa mwisho ni lini, na vijana walionyimwa kompyuta wakiwa shuleni hawakurudishiwa miaka ile walipokuwa watu wazima. Mtu wa miaka hamsini aweza kununuliwa kompyuta, lakini hanunuliwi miaka yake kumi na minane.

Tutazame kungoja kwingine, kulikotokea juzi. Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Miezi mitatu mitumbwi ilikaa mchangani, na Kibirizi ikawa kimya. Watu waliumia. Lakini mwisho ulijulikana tangu mwanzo, na waliongoja ndio waliotazamiwa kupata samaki wengi zaidi baadaye. Palikuwa na neno moja la kulalamikia: mwenye mshahara alingoja akila, na muuza dagaa alingoja akihesabu punje. Hata hivyo kungoja kwa namna hii mtu aweza kukueleza kwa mtoto wake bila kutazama chini.

Katika habari hizi mbili twaokota alama tatu za kungoja kwa haki. Ya kwanza: angojaye ajue mwisho ni lini. Ya pili: hasara yake iweze kurudishwa. Ya tatu: yule aamuruye kungoja naye awe na siku yake ya kungoja, isiwe daima mtu yule yule.

Sasa turudi Kibirizi, tumpime binti kwa alama hizi. Mwisho haujui, kwani neno aliloambiwa ni "kesho", na kesho haina tarehe. Hasara yake hairudishwi upesi, kwani mwaka wa shule ukipita umepita. Na aamuruye hangoji kwa ajili yake hata usiku mmoja. Alama zote tatu zakosekana. Ndilo jambo lile lisilo sawa tulilokuwa tukilitafuta, nalo lapatikana pasipo kumwita mtu yeyote mwovu, wala kuitukana televisheni.

NENO LA BABA, NA NENO LA UKARIMU

Mtu aweza kutujibu: "Baba amengoja zaidi ya wote. Hungoja samaki usiku kucha, na kwa kungoja kwake kompyuta ilinunuliwa. Kitu ni chake." Neno hili ni zito, wala hatulipiti upande. Ni kweli, kungoja kwake kwampa haki. Lakini haki hiyo ni ya nini? Ni ya kupata raha yake. Si ya kumwondolea binti kila usiku. Tena alipokileta chombo nyumbani alisema, "Ni kwa ajili ya masomo." Aliyesema neno hilo mbele ya mtoto ameweka kitu mkononi mwa mtoto. Akikihitaji, na akiombe kama akopaye, siyo kukitwaa kama asiyesema neno. Baba kumwomba mtoto ruhusa si kujishusha. Mtoto aliyeombwa na baba yake humheshimu baba yake maradufu.

Liko na neno la wageni, nalo kwetu ndilo gumu kuliko yote, maana hapana aibu kubwa kama kumrudisha mgeni mlangoni. Twasema hivi: ukarimu ni kutoa kilicho chako. Mtu akimpa mgeni kiti chake, ni mkarimu. Akimpa mgeni kiti cha mtoto, mtoto ndiye aliyetoa, na baba amepokea shukrani tu. Wageni husema, "Bwana huyu ni mtu wa watu," na hali aliyelipa gharama ya sifa hiyo yuko jikoni anaosha vyombo. Ukarimu wa namna hii ni wa mkopo, na mkopeshaji hakuulizwa.

Twasema haya kwa baba wa mfano wetu, lakini si kwake peke yake. Sisi sote tupokeao wageni kwa kazi ya mikono ya wengine, na tutazame mikono hiyo ni ya nani.

ZAMU YA MWEZI

Je, hapana njia? Njia iko, nayo kwa sehemu imeandikwa mbinguni juu ya ziwa. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwani taa zao huvuta dagaa palipo giza. Wakati wa mbalamwezi mwanga wa mwezi huzishinda taa, na mitumbwi hupumzika. Maana yake, kila mwezi zimo siku nyingi ambazo baba yuko ziwani na chombo chaweza kuwa cha binti pasipo ugomvi, na zimo siku chache za mbalamwezi ambazo baba yuko nyumbani na wenzake. Kama nyumba ile ikipatana kwamba usiku wa giza ni wa masomo, na usiku wa mbalamwezi ni wa mpira, zamu imepatikana. Tena ina tarehe, ambayo kila mtoto wa Kibirizi aweza kuisoma akitazama juu.

Lakini tusidanganyike kuwa zamu ni neno la chombo peke yake. Binti akipewa kompyuta usiku wa giza, na hali vyombo vyote vyamngoja yeye, na maji, na mdogo wake aliaye, amepewa kiti bila kupewa nafasi ya kukaa. Atafika mbele ya kioo saa nne ya usiku, na usingizi utamwondoa. Zamu ya kweli ni zamu ya kazi pia: kaka yake aoshe vyombo usiku huo. Wako watakaocheka wakisoma hivi. Na wacheke, kisha waoshe.

Tena umeme. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma ulipata umeme wake kwa mitambo ya dizeli, pasipo kuungwa na gridi ya Taifa, hata miaka ya 2020 kazi ya kuunga ilipofanywa. Na watu walizoea umeme kukatika. Ukikatika usiku wa binti, zamu yake isihesabiwe kuwa imekwisha. Umeme ulikatika, haki yake haikukatika. Apewe usiku mwingine.

Na mechi kubwa ikiangukia usiku wa giza? Wako wanaume wasiokwenda ziwani, nao watabisha hodi. Hapa redio yafaa sana. Baba zetu waliufuata mpira kwa masikio miaka mingi, wakauona vizuri kuliko wengine wauonao kwa macho. Redio yaweza kukaa barazani, na kompyuta ikabaki ndani.

Wengine wametoa shauri la dirisha dogo: mpira uonekane pembeni, na binti aandike katikati. Tumekwisha kusema kwamba kompyuta kuukuu hulegea. Lakini hata kama isingelegea, shauri hili halifai. Fundi aweza kuigawanya kazi ya mashine. Hawezi kuyagawanya macho ya mtu. Wazee walisema, mshika mawili moja humponyoka, na katika nyumba ile twajua litakaloponyoka ni lipi, kwani wageni kumi hushangilia, na hesabu ya mraba haishangilii.

KWA WALIMU NA WAZEE

Ndugu walimu, mkiitwa nyumbani mwa watu kwa shauri la namna hii, twawasihi msianze na hukumu ya picha. Mkianza hapo, baba ataitetea televisheni, nanyi mtashindana naye usiku mzima juu ya kitu kisichokuwapo katika shauri. Ulizeni kwa upole: Katika nyumba hii, wakati chombo kinapowaka, ni nani angojaye? Amengoja tangu lini? Ameambiwa mwisho ni lini? Kisha nyamazeni. Mara nyingi aulizwaye hujijibu mwenyewe, maana macho yake huenda upande wa jikoni.

Tena msimuulize angojaye mbele ya watu wote, "Je, wewe waona vibaya?" Mtoto mwenye adabu atajibu, "Hapana, sioni vibaya," na wote watafurahi, na neno litazikwa. Angojaye mara nyingi ni yule asiyeweza kusema. Yatubidi tumwone bila yeye kujionyesha.

Katika nyumba nyingine simu ndogo za mkononi zimekwisha kuliondoa shauri hili, kwani kila mtu ana kioo chake. Katika nyumba hizo shauri limehamia katika fedha za vifurushi: za nani zanunuliwa kwanza, na za nani hungoja mwisho wa mwezi. Pale ambapo kompyuta ile kuukuu ingali ikinguruma, mwezi wa Novemba unakuja. Wenye nyumba na wapatane sasa, wataje usiku ulio wa nani, waandike katika karatasi, na waibandike juu ya chombo penye kuonekana na kila abishaye hodi. Mgeni mwema akiisoma ataelewa, na atarudi wakati wa mbalamwezi.